Kudumisha Ari Katika Lengo la Miaka Mingi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakazi wa Mtwara na Lindi

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mkazi wa Mtwara au Lindi mwenye jambo kubwa analolitafuta kwa miaka: shamba la mikorosho, nyumba ya kudumu, cheti cha kidato cha nne baada ya kukatisha masomo, ada ya mtoto hadi chuo, mashua yake mwenyewe au safari ya Hija. Kwa maoni ya mwandishi, watu wa mikoa hii hawakosi ari ya kuanza. Kinachokosekana ni utaratibu wa kulivusha lengo katika miezi ambayo hakuna fedha mkononi wala dalili yoyote ya mafanikio, na karibu kila jibu lililo hapa chini linagusa miezi hiyo.

Nilianza kwa nguvu nyingi. Kwa nini sasa sina hata hamu ya kuendelea?

Hali hiyo ni ya kawaida, na haina maana kwamba ulijidanganya ulipoanza. Nguvu ya mwanzo hutokana na kuuona mwisho akilini. Unapochimba mashimo ya miche tayari unaona magunia yamepangwa ghalani. Baada ya muda picha hiyo huzoeleka, na kazi inayobaki ni palizi, ambayo haifanani hata kidogo na magunia. Mtu anapokaribia kumaliza, nguvu humrudia, jambo ambalo wanasaikolojia wamelieleza tangu miaka ya 1930. Shida iko katikati, mahali ambapo mwanzo umekwisha kusahaulika na mwisho bado hauonekani.

Kwa mikoa yetu katikati hiyo ina tarehe zake. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na fedha nazo huja kwa vipindi: ufuta katikati ya mwaka, mbaazi baada yake, kisha korosho kuanzia Oktoba. Ikifika Februari, fedha ya korosho imekwisha katika kaya nyingi, chakula kipya hakijaiva, watoto wamerudi shuleni na mahitaji yao, na jembe linahitajika shambani kila siku. Hicho ndicho kipindi ambacho anayejisomea hufunga daftari, anayejenga huuza tofali alizokwisha kuzifyatua, na mwenye miche huacha nyasi ziizidi kimo. Ukichunguza utaona kwamba malengo mengi hayafi kwa sababu kazi imekuwa ngumu kupita kiasi, bali kwa sababu miezi hiyo haikupangiwa chochote. Mtu aliyekwisha kujua kwamba Februari itamkuta hana hamu hashtuki inapofika, wala hachukui kukosa hamu huko kuwa hukumu juu ya lengo lake.

Je, nisubiri hamu irudi ndipo niendelee?

Usisubiri. Mara nyingi hamu huja baada ya mtu kuanza kazi, na kwa siku nyingi haitakuja kabisa na kazi itafanyika bila hiyo. Kinachosaidia zaidi ni kuifunga kazi ndogo kwenye wakati na mahali ambapo tayari upo kila siku. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha katika tafiti zake kwamba mtu anayeamua mapema atafanya nini, lini na wapi hutekeleza kuliko yule mwenye nia njema peke yake. Kwa hiyo kusema “mwaka huu nitasoma kwa bidii” hakutoshi. Sema badala yake kwamba baada ya swala ya isha, au baada ya vyombo vya chakula cha jioni kuoshwa, utakaa kwenye meza ile ile na kufanya maswali mawili ya hisabati, na kwamba umeme ukikatika utasoma Kiswahili kwa taa ya kuchaji.

Watu huuliza ni baada ya muda gani jambo huwa mazoea. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijaribu kujenga tabia mpya, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 mtu wa katikati alihitaji takriban siku 66, huku wengine wakikadiriwa kuhitaji 18 tu na wengine hadi 254. Tofauti hiyo kubwa ndiyo inayopaswa kukumbukwa kuliko ile namba ya katikati. Jirani yako akizoea ndani ya wiki tatu na wewe miezi mitano ikapita bado unajisukuma, hakuna kilichoharibika.

Lengo langu ni la miaka saba au minane. Niligaweje ili lisinielemee?

Ushauri unaotolewa mara nyingi ni kuligawa lengo kwa miezi, kiasi kile kile kila mwezi. Ushauri huo unamfaa mtu wa mshahara. Kwa anayeishi kwa mazao au bahari, kiasi kimoja kwa kila mwezi ni ahadi itakayovunjika mapema, na ahadi inayovunjika kila mwezi humfundisha mtu kuwa yeye hawezi. Ligawe lengo kwa misimu, na kila msimu uupe kazi inayouelekea.

Chukulia mkulima wa Nanyamba anayetaka ekari mbili za mikorosho. Kwa nafasi ya meta 12 kwa 12 atahitaji miche kama 28 kwa ekari, yaani 56 kwa shamba lote. Miche iliyobebeshwa huanza kuzaa mapema, hata mwaka wa tatu, lakini mavuno ya kueleweka huja baadaye sana, kuanzia mwaka wa saba au wa nane. Lengo likiandikwa kama “kuvuna tani kadhaa”, basi kwa miaka mingi mkulima huyu atakuwa anashindwa. Likiandikwa kwa misimu, kila mwaka una kitu cha kukamilisha. Mvua za kwanza ni za kupanda miche, na katikati ya mistari kupanda mihogo, karanga au mbaazi ambazo zitamlisha yeye na kuisafishia miche nafasi. Mvua za mwaka wa pili ni za kurudishia miche iliyokufa. Kabla ya kiangazi kukolea ni kufyeka ukanda wa kuzuia moto kuzunguka shamba, kwa sababu moto wa mtu mwingine unaweza kufuta kazi ya miaka mitatu kwa alasiri moja. Maua yakianza kutoka, kazi ya miezi ya baridi ni kupambana na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na salfa iwe imekwisha kupatikana kabla ugonjwa haujaonekana. Kila moja ya kazi hizo ina mwisho wake, na mtu anaweza kulala usiku akijua kwamba imekwisha.

Aliyeishia darasa la saba na anataka kidato cha nne ana hesabu yake pia. Kwanza ni Mtihani wa Maarifa, kisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na yote miwili hufanyika Novemba. Kwa mkazi wa Tandahimba au Ruangwa, Novemba ni wakati wa kuokota korosho na kusubiri minada. Anayeliona jambo hilo Januari atasoma kwa nguvu kati ya Mei na Septemba na kupanga mapema nani atamsaidia kuokota. Anayeligundua Oktoba atalazimika kuchagua kati ya mtihani na mavuno, na mavuno yatashinda.

Kila msimu wa korosho ninapata fedha ya kutosha, lakini inaisha kabla lengo halijapata chochote. Nifanyeje?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko mengine yote, na halihusu ari kama watu wanavyodhani. Fedha ya mwaka mzima inapoingia ndani ya wiki chache, kila hitaji lililoahirishwa hujitokeza siku hiyo hiyo: madeni ya dukani, sare za shule, bati linalovuja, ndugu anayeumwa, na pikipiki ambayo kijana amekuwa akiitazama tangu mwaka jana. Katika mazingira hayo kujizuia ni kazi ngumu kwa binadamu yeyote, na si haki kumwita mtu mvivu au mfujaji kwa sababu ameshindwa kujizuia mbele ya mahitaji ya kweli.

Dawa yake ni kuamua kabla ya mnada wa kwanza. Agosti au Septemba, wakati fedha haipo na kichwa kimetulia, kaya ikae na kuandika mambo manne tu: madeni, chakula cha hadi Mei, fungu la lengo, na kinachobaki. Fungu la lengo ligeuzwe kitu haraka iwezekanavyo. Anayejenga anunue bati au nondo wiki ile ile, kwa kuwa bati halikopwi na ndugu kwa urahisi kama fedha iliyo kwenye simu. Saruji ni afadhali inunuliwe inapokaribia kutumika, kwa maana unyevu wa masika huiharibu. Anayelipa ada aende akalipe ya muhula mzima na kurudi na risiti. Wenye vikundi vya kuweka na kukopa, yaani VICOBA, wajadiliane na wenzao tarehe ya kugawana. Mgao unaokuja Desemba katikati ya fedha ya korosho hautambuliki ulikokwenda, wakati mgao wa Februari au Machi unaweza kuiokoa kaya nzima.

Kuhusu jando na unyago, mwandishi hakubaliani na wanaosema sherehe hizi ndizo zinazowarudisha watu wa kusini nyuma. Ni deni la heshima kwa watoto na kwa ukoo, na mtu aliyejitenga nazo hupoteza watu ambao siku moja atawahitaji. Hata hivyo, ukubwa wa sherehe unajadilika. Mjomba na shangazi wakihusishwa mapema, mwaka mmoja kabla, na wakaelezwa kwa adabu kwamba mwali huyu huyu ndiye anayetafutiwa ada ya sekondari, wengi watakuwa wa kwanza kusema ngoma ipunguzwe. Wakielezwa wiki ya sherehe, watakuwa na haki ya kuudhika.

Nimewahi kuuza korosho kwa kangomba ili nipate chakula. Je, hilo linahusianaje na ari?

Linahusiana sana, na linastahili kuelezwa kwa kirefu. Msomaji wa mikoa hii anajua kangomba: mtu mwenye fedha au chakula anakupatia kidogo wakati wa shida, kisha korosho zikianguka anazichukua kwa bei ndogo na kwa kipimo chake mwenyewe, nje ya mfumo rasmi, jambo ambalo limekatazwa. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima huweka mazao ghalani na kupewa stakabadhi hadi yauzwe, ulipoanza kutumika kwenye korosho katika msimu wa 2007/08, miongoni mwa sababu zake ilikuwa kumwezesha mkulima auze kwa mnada kupitia chama chake cha msingi cha ushirika badala ya kumwuzia mnunuzi wa kwanza aliyefika mlangoni. Lakini ghala haliwezi kumlinda mtu ambaye korosho zake zilikwisha kuliwa tangu Machi.

Kila lengo la muda mrefu lina kangomba yake. Mwenye kiwanja hujiwa na mnunuzi mwezi ambao hana unga ndani. Binti aliye kidato cha pili huambiwa kuna kazi za ndani Dar es Salaam, mshahara mwisho wa mwezi. Mvuvi anayeweka akiba ya mashua hupewa mkopo wa nyavu kwa sharti la kumwuzia samaki mtu mmoja kwa bei atakayoitaja yeye. Mara zote kinachouzwa ni matunda ya miaka mingi, na kinachonunuliwa ni wiki chache za kupumua. Anayefanya hivyo si mtu asiye na malengo. Mara nyingi ana malengo makubwa kuliko majirani zake, ila alifika Februari bila chakula.

Kwa sababu hiyo mwandishi anashikilia jambo moja hata pale linapopingwa: anayetaka kulinda lengo lake la miaka kumi aanze kwa kulinda chakula cha miezi minne. Akiba ya njaa ije kabla ya akiba ya lengo, na zisichanganywe. Magunia ya mahindi, makopa yaliyokauka vizuri, mtama, na kiasi fulani cha fedha ya dawa, vikiwekwa mwezi Desemba, vinafanya kazi kubwa zaidi ya kudumisha ari kuliko hotuba yoyote. Wapo wanaosema kwamba hii ni kuchelewesha lengo. Inachelewesha kweli, pengine kwa mwaka mmoja au miwili, lakini lengo lililochelewa bado ni lako.

Aliyekwisha kuingia kwenye deni la namna hiyo asijifiche. Azungumze na viongozi wa chama chake cha msingi au kikundi chake cha kuweka na kukopa mapema iwezekanavyo, kwa kuwa deni linalojulikana Aprili lina njia nyingi za kulipika kuliko linalofichuka Oktoba.

Je, niwaambie watu lengo langu au ninyamaze?

Waambie wachache wanaohusika na kazi yenyewe. Mke au mume lazima ajue, na ajue hesabu kamili. Mjomba, ikiwa ardhi ni ya ukoo, asiachwe nje, kwa sababu shamba lililopandwa miche bila idhini yake linaweza kuleta mgogoro mwaka ule ule linapoanza kuzaa. Mtu mmoja wa rika lako anayefanya jambo linalofanana ni hazina kubwa: mnaweza kutembeleana shambani au kusomeshana. Kwa wengine wote, kuna sababu ya kutotangaza. Gollwitzer huyo huyo na wenzake waliripoti mwaka 2009 kwamba nia ya mtu kuwa wa aina fulani, ikishasikiwa na kutambuliwa na wengine, inaweza kumpunguzia bidii, kwa kuwa sifa imekuja kabla ya kazi.

Ninawezaje kujua kwamba ninasonga mbele wakati hakuna kinachoonekana?

Weka daftari, na andika kilichofanyika, si ulichokusudia. Mtafiti Teresa Amabile wa Harvard, baada ya kuchambua kumbukumbu za kila siku za wafanyakazi zaidi ya 200, aliona kwamba siku njema kazini zilikuwa hasa zile ambazo mtu alipiga hatua, hata ndogo, katika kazi yenye maana kwake. Hatua isiyoandikwa husahaulika. Tarehe, kazi, na kiasi vinatosha: mistari mitatu imepaliliwa, tofali 40 zimefyatuliwa, mada ya uwiano imemalizika. Ukifika mwezi mgumu, soma kurasa za nyuma kabla ya kujihukumu.

Kupima kuna faida nyingine, nayo ni kugundua mapema kwamba njia si sahihi. Historia ya Nachingwea inatufundisha. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga uliokusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3, nyingi kati ya hizo katika Tanganyika, ukihusisha Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili yake ilianza kujengwa bandari ya kina kirefu Mtwara na reli kutoka huko kwenda Nachingwea. Waliokuwa na mpango huo hawakukosa ari wala fedha. Walikosa kujaribu kwanza sehemu ndogo, kuujua udongo na mvua, na kusikiliza matokeo ya mwaka wa kwanza kabla ya kuongeza ya pili. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ilibaki na inatumika hadi leo, jambo linaloonyesha pia kwamba si kila kilichojengwa ndani ya lengo lililoshindwa hupotea. Kwa mtu mmoja mmoja fundisho ni la vitendo: kabla ya ekari kumi panda moja, na kabla ya kukopa kwa ajili ya kuku 500 fuga 20 kwa mwaka mzima, masika na kiangazi.

Bei na hali ya hewa haviko mikononi mwangu. Nitadumishaje ari ikiwa jitihada zangu zinaweza kufutwa na mambo hayo?

Yanaweza kweli, na kulikana hilo ni kutowatendea haki watu waliopitia. Katika msimu wa 2018/19 wakulima walikataa bei za minada, Serikali ikaamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wengi wakasubiri malipo kwa muda mrefu. Mei 2024, mvua kubwa na Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam. Miezi michache baadaye msimu wa korosho ulifunguliwa kwa bei zilizopita shilingi 4,000. Hakuna mkulima wa Newala aliyesababisha lolote kati ya hayo.

Tenganisha basi vipimo viwili. Kimoja kipime kazi yako: palizi imefanyika kwa wakati, salfa imepulizwa, korosho zimeokotwa mapema na kukaushwa ili ziingie daraja la kwanza. Kingine kipime mapato. Ukijihukumu kwa mapato peke yake, mwaka wa bei nzuri utakusifu ukiwa umezembea na mwaka wa bei mbaya utakulaumu ukiwa umefanya kila kitu. Mwaka wa bei mbaya pia ndio unaohitaji lengo lipunguzwe kwa makusudi: badala ya kuezeka, mwaka huo utoshe kwa milango, badala ya masomo saba, mawili. Kupunguza kwa kuamua ni tofauti kabisa na kuacha kimyakimya.

Nimeacha kwa miezi mingi. Je, lazima nianze upya?

Kwa kawaida hapana. Katika utafiti wa Lally uliotajwa juu, kukosa siku moja hakukuwa na athari kubwa katika kujenga tabia. Miezi mingi ni jambo jingine, lakini hata hapo kilichokwisha kufanyika kina thamani. Mikorosho iliyotelekezwa hufyekewa, hupogolewa, na ile iliyozeeka inaweza kukatwa na kubebeshwa vikonyo vya aina bora, kazi ambayo wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele wameifundisha kwa miaka. Rudi na kazi ndogo kuliko ile uliyoiacha, na kwa wiki mbili za kwanza usijaribu kufidia ulichokosa. Kufidia ndiko kunakowachosha wanaorudi.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kutokana na mmomonyoko na uchakavu, na ilichukua miaka kumi ya ukarabati hadi kuondolewa huko mwaka 2014. Waliofanya kazi hiyo hawakujenga msikiti mpya; waliimarisha kuta zilizokuwapo.

Wenzangu tuliomaliza nao shule wamenitangulia mbali. Nifanyeje?

Linganisha daftari lako la mwaka huu na la mwaka jana. Ukiona ni lazima kumtazama mwenzako, mtembelee na umwulize aliwezaje, kwa kuwa mara nyingi utakuta alipata msaada usioujua au anabeba mzigo usioonekana.

Nitajuaje kwamba wakati wa kuacha lengo umefika?

Wakati mwingine kuacha ni uamuzi sahihi, na mtu hapaswi kuona haya. Lakini kuchelewa pekee si sababu. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 tabia ya wanadamu kukadiria muda mfupi kuliko unaohitajika, hata wakiwa na uzoefu wa kuchelewa hapo nyuma. Hata mataifa hukutwa na hali hiyo. Wazo la daraja juu ya mto Ruvuma kati yetu na Msumbiji lilikuwapo tangu 1975, siku za Mwalimu Julius Nyerere na Samora Machel, na Daraja la Umoja pale Mtambaswala lilifunguliwa mwaka 2010. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na uzalishaji ukaanza 2004. Kwa hiyo nyumba uliyosema itakamilika kwa miaka mitatu, na huu ni wa tano, bado iko katika hali ya kawaida.

Maswali ya kujiuliza ni mengine. Je, sababu iliyokufanya ulitafute bado ipo, au unaendelea kwa kuogopa maneno ya watu? Je, lengo linaidhuru afya yako, ndoa yako au elimu ya watoto? Je, umejaribu njia zaidi ya moja, na zote zikaonyesha kwamba mahali penyewe hapafai? Majibu yakielekea kuacha, usiamue Februari. Andika unachokifikiria, kiweke, kisha ukisome tena Juni ukiwa umeshiba na umepumzika. Ikiwa miezi yote miwili inasema jambo lile lile, acha kwa utaratibu: lipa unachodaiwa, waeleze waliokusaidia, na uhamishe kilichobaki kwenye jambo linalofuata.

Nianze lini?

Inategemea mwezi unaposoma majibu haya. Kati ya Januari na Aprili, usianze jambo kubwa. Hesabu chakula kilichobaki, nunua daftari, na ufanye kazi moja isiyohitaji fedha, kama kusoma, kupalilia au kutafuta ushauri kwa ofisa ugani wa kata yako. Mei hadi Julai, pima shamba, kusanya mchanga na kokoto, na uweke pembeni sehemu ya fedha ya ufuta. Agosti na Septemba, kaa na kaya yako mwandike yale mafungu manne kabla ya mnada. Oktoba hadi Desemba, tekeleza mlichoandika siku fedha inapoingia, mkianza na magunia ya chakula.